Mizani ya Mama wa Ndagala

Mwezi wangu wa kwanza wa kunyanyua vyuma, watu wa nyumbani hapa Baraka hawakupumua kwa majigambo yangu. Vyuma vyenyewe vilikuwa bomba la maji lenye mikebe miwili ya rangi iliyojazwa simenti. Mwalimu wetu aliapa kwamba kila mkebe una kilo ishirini, basi mimi, mwanafunzi wa juzi, nikawa mtu wa kilo arobaini, hata kama magoti yalicheza kama ya mbuzi aliyezaliwa leo. Kanisani nilikaa nimetanua mabega mpaka bamama wawili wakahamia benchi lingine.

Dada yangu alichoka kunisikia. Alijitwika mkebe mmoja kichwani, akaupeleka sokoni kwa mama anayeuza ndagala, wale samaki wadogo wakavu, kwa kilo, nami nikamfuata nikibisha njia nzima. Mshale wa mizani ukatetemeka, ukatulia kwenye kumi na moja. Dada alicheka hadi akakalia gunia la watu.

Nikapaaza sauti kwamba Baraka yote inajua mizani ile ni ya uongo.

Mama wa ndagala hakukasirika. Alinivuta karibu, akaninong'oneza: "Mutoto wangu, ni kweli inadanganyaka. Lakini inaongezaka. Haijapunguza hata siku moja."