Chumvi Katika Chupa ya Soda

Tulikuwa wanne shambani Mwamapalala, palizi ya pamba ya mwaka huu: mimi, mwanangu wa mwisho, mke wake mwenye mimba changa, na wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu. Majina yao ninayo yote, hata ya maksai wetu, ila hapa siyaandiki.

Mwanangu alikuwa amenunua sumu ya majani mnadani, ile ya kupimiwa, wakamtilia kwenye chupa ya soda. Nyeusi kama soda yenyewe. Akaiweka kivulini, kando ya ndoo ya maji safi, maana ukiichanganya na maji ya tope ya lambo, udongo unaikamata na magugu yanabaki kukucheka.

Mkamwana akaja na kiu. Akainua chupa, akapiga funda.

Mwanangu akamnyang'anya. Wifi akakimbilia maziwa. Kwetu sisi sumu yoyote dawa yake maziwa. Tulipompigia simu tabibu wa zahanati, akasema maziwa hayataikamata, akauliza kama tuna udongo laini. Mkamwana alikuwa nao, kafunga kwenye ncha ya kanga, ule wanaokula wajawazito. Nikausaga, nikaukoroga kwa maji safi, akanywa, tukampakia pikipiki.

Hospitalini Bariadi, daktari alisema sumu hiyo ni chumvi, imetokana na kitu kinaitwa piridini, chenye umbo la pete na naitrojeni ndani ya pete. Nikamwambia mimi niliishia darasa la tatu, chumvi naijua ya mboga.

"Hii nayo inayeyuka majini, mayu," akasema, akiniita mama kwa Kisukuma. "Ikiingia kwenye damu inafuata mapafu, inayakakamaza polepole. Mtu anakula, anacheka, kumbe pumzi inakwisha. Sasa niambieni. Alimeza au alitema?"

Wifi akasema alimeza, aliona koo likicheza. Mwanangu hakuona. Mgonjwa mwenyewe, ulimi umechubuka, alisema hajui, alisikia moto tu.

Sasa yuko nyumbani. Daktari amesema tungoje. Anachambua mchele, ananitania kwamba namfuata kama kuku mwenye vifaranga. Lakini akikohoa, wote tunaacha kazi kumtazama. Kukipambazuka nasimama mlangoni kwao nisikilize anavyohema.

Mimi nakumbuka alitema. Niliona majani ya pamba yamelowa mbele yake. Ninyi mliokuwepo, kama nimekosea mnirekebishe. Ila wewe wifi yangu, nakuomba, kabla hujasema tena kwamba alimeza, kumbuka vizuri.