Safari ya Siku Nne ya Sista Zamu

Hospitalini walimwita Sista Zamu, na alipostaafu jina lilikataa kustaafu naye. Kwa miaka thelathini na mmoja yeye ndiye aliyepanga nani aingie asubuhi, nani alale na wagonjwa, nani apumzike Jumapili. Ratiba aliichora kwa rula na penseli, na wauguzi wachanga walikuwa na msemo wao: ukitaka kujua kama dua zako zinafika, mwombe Sista akubadilishie zamu uende harusini. Usoni alikuwa mkali kama pilipili. Lakini muuguzi aliyefiwa alikuta jina lake limeshafutwa kwenye karatasi kabla hajafungua mdomo kuomba ruhusa.

Mumewe, fundi umeme, alikuwa amefariki miaka tisa iliyopita. Alimwachia nyumba, gari la viti saba, na shemeji mmoja. Shemeji huyo alikuwa ameendesha malori ya masafa marefu miaka ishirini na miwili, na mtaa mzima, kuanzia watoto hadi vikongwe, ulimwita Dereva.

Kila asubuhi wazee wanne walikutana kwenye uwanja wa mpira kutembea: Sista, Dereva, Mwalimu Mkuu mstaafu wa shule ya mtaani, na mama mmoja waliyemwita Fundi, aliyeshona nguo za nusu ya mji kabla ya kufunga duka lake. Vijana wa mazoezi waliwapisha njia kwa heshima, mpaka walipogundua kwamba wazee wenyewe wanawapita.

Asubuhi moja, mzunguko wa sita, Fundi alisimama ghafla akashika kiuno.

"Hivi tutazunguka hapa mpaka lini? Kama mishale ya saa!"

"Unataka kwenda wapi?" Mwalimu akamuuliza.

"Popote pasipo na goli la mpira."

Hapo Dereva akaanza kuwasimulia barabara aliyokuwa akiipita zamani na lori lake. Ukivuka mpaka, alisema, barabara inaupanda ukuta wa mlima kwa kona ishirini na saba. Ukifika juu, maziwa mawili yanakutokea chini, moja la kijani na moja la buluu kama wino, na mbele yako vilima vilivyolimwa matuta mpaka kileleni. Kuna maporomoko ya maji. Kuna hoteli ndogo ya mawe. "Siku nne zinatosha, kwenda na kurudi."

Mwalimu Mkuu akakohoa. "Mimi nimefundisha miji mikuu ya dunia nzima," alisema, "na pasipoti yangu haijawahi kugongwa muhuri hata mmoja."

Sista hakusema mengi. "Tutaenda," alisema, na wote wakajua mjadala umefungwa.

Mchana ule ule alitandika karatasi kubwa juu ya meza ya kulia, akatoa rula. Upande mmoja aliandika saa, juu akaandika majina manne. Hakuna kuendesha zaidi ya saa mbili bila kusimama. Kila kituo, dakika ishirini za kutembea, kwa ajili ya magoti ya Fundi. Kidonge cha presha cha Mwalimu saa mbili asubuhi, kwa saa za kwao, si za ng'ambo. Alipiga simu kwenye ile hoteli kuuliza ngazi za kushukia kwenye maporomoko ni ngapi. Binti wa mapokezi alicheka, akadhani ni mzaha. Sista akamsubiri kwenye simu mpaka akaenda kuhesabu: mia moja na kumi na mbili. "Na chuma cha kushikilia kipo?" Kipo. Akaandika: kipo.

Wiki zilizofuata zilikuwa za makaratasi. Picha ya Fundi ya pasipoti ilikataliwa kwa sababu alikuwa amecheka. Ya pili ikakataliwa kwa sababu alijizuia kucheka mpaka akaonekana mgonjwa. Bima ya gari ya kuvukia mpaka ilihitaji barua, na barua ilihitaji muhuri. Binti yake Sista, aliyekuwa akifanya kazi mji wa mbali, alipiga simu.

"Mama, kwa nini msipande ndege tu?"

"Ndege inaruka vitu, mwanangu. Sisi tunataka kuviona."

Na kwenye safu ya kuendesha, Sista aliandika jina moja kutoka juu hadi chini: Dereva, Dereva, Dereva.

Kwa kuwa hakuwahi kumpa muuguzi zamu bila kumjaribu, aliamua wafanye safari ya majaribio. Jumamosi moja wakaingia wote wanne garini kwenda mji wa jirani na kurudi. Dereva alishika usukani, mgongo umenyooka, mkono mmoja juu ya gia kama mtu aliyemshika rafiki yake bega.

Nusu saa ya kwanza ilikuwa raha tupu. Kisha barabara ikageukia jua, na Sista, aliyekaa mbele, akaona mwendo umepungua bila sababu. Dereva alikuwa amekunja uso wote. Mbele kulikuwa na kibao kikubwa.

"Kinasema kilomita ngapi pale?" Mwalimu akauliza kutoka nyuma.

"Hamsini na nane," Dereva akajibu bila kusita.

Kibao kilisema thelathini na tatu. Kilikuwa kipya, cha zamani kiling'olewa barabara ilipopanuliwa. Sista akaelewa kwamba shemeji yake hakusoma kitu. Alikariri. Na kabla hajameza hilo, wakaingia kwenye kivuli cha miti, na mwanamke aliyekuwa akisukuma baiskeli yenye mzigo akavuka. Dereva alimwona akiwa hatua chache tu. Breki zililia. Yule mama akawatazama, akatikisa kichwa, akaenda zake.

"Watu siku hizi wanavuka ovyo," Dereva alisema. Sauti yake ilikuwa nyembamba.

"Shemeji," Sista akasema, "kichefuchefu kimenishika. Nikiendesha mwenyewe huwa kinatulia. Hebu tubadilishane."

Hakuwa na kichefuchefu chochote. Dereva alimkabidhi ufunguo haraka mno, na hiyo haraka ndiyo iliyomuumiza Sista kuliko breki.

Jumatatu Sista alikwenda nyumbani kwa Dereva. Alikuwa ameingia mle mara mia, lakini safari hii aliingia kama muuguzi. Mapazia ya upande wa jua yalikuwa yamefungwa mchana kweupe. Kalenda ilikuwa imehamishwa kutoka ukutani ikabandikwa kwenye kioo cha dirisha la upande wa pili. Dereva alipomimina chai, alitia ncha ya kidole ndani ya kikombe ili ajue imefika wapi. Sista akaona aibu. Mambo haya yalianza lini, naye alikuwa akitazama wapi? Kuna wanaosema ukila na kipofu usimguse mkono. Lakini huyu si wa kula naye tu. Huyu ni ndugu.

"Shemeji, tangu lini?"

"Tangu lini nini?"

"Usinizungushe. Nimefanya wodi ya macho miaka mitatu. Mtoto wa jicho namtambua hata akija kwa mgongo."

Dereva akaweka birika chini polepole. "La kulia, tangu mwaka juzi. La kushoto linamfuata mwenzake."

"Na ulitaka kutupandisha kona ishirini na saba?"

"Ile barabara naijua kama kiganja changu."

"Kiganja chako hakina watu wanaovuka na baiskeli."

Alicheka kidogo, kisha kicheko kikamkauka. Alikaa akigeuza kikombe. "Kila mtu ana kitu kimoja watu wanachomjulia," alisema. "Wewe una zamu zako. Mwalimu ana miji yake mikuu. Mimi ukinivua usukani, wataniitaje? Jina langu la kuzaliwa hata mwenyewe nimelisahau."

Sista alikuwa amewapa watu habari nzito maisha yake yote, na maneno ya kazi alikuwa nayo tele. Siku hiyo aliyaweka kando. Alivuta kiti akakaa karibu.

"Kaka yako alipougua, nani alimpeleka hospitali kila Jumatatu na Alhamisi?"

"Mimi."

"Na nani alikaa naye kwenye benchi, saa tatu, saa nne, mpaka aitwe?"

"Mimi."

"Kwenye benchi ulishika usukani gani?"

Dereva aliweka kikombe chini. Alifuta macho yake yote mawili kwa kiganja, akasema vumbi limezidi humu ndani.

Kilichobaki kilikuwa hofu ya upasuaji. "Nimeteremka milima na tani thelathini mgongoni, breki zimechoka, sikutetemeka," alisema. "Lakini mtu anitie chuma jichoni nikiwa macho?" Sista akamweleza hatua kwa hatua: matone ya ganzi, dakika ishirini, bandeji, nyumbani. "Na mimi nitakuwa nje ya mlango. Ukipiga kelele nitakusikia, na nitakucheka."

Alitaka kumsaidia kuwaambia wenzao, lakini Dereva alikataa. Asubuhi iliyofuata, katikati ya uwanja, aliwasimamisha. "Jamani, Jumamosi sikumwona yule mama. Macho yangu hayaoni. Nilitaka kuwapeleka kwa mazoea."

Mwalimu akasema, "Mimi sikio la kushoto halisikii tangu nistaafu. Mnapozungumza upande huo huwa naitikia tu."

"Ndiyo maana ulikubali kunilipia nauli ya harusi!" Fundi akaruka. Halafu naye akainamisha kichwa. "Mimi sindano natungiwa uzi na mtoto wa jirani. Kila siku namwambia namfundisha kazi."

Wakacheka mpaka wakakaa kwenye nyasi, na kuinuka ikawa kazi nyingine.

Sista aliisogeza safari mbele miezi miwili. Jicho la kulia lilipasuliwa siku ya Jumanne, yeye akiwa nje ya mlango kama alivyoahidi, akisali na kujifanya anasoma gazeti. Bandeji ilipotolewa asubuhi yake, Dereva alitazama dirisha, akatazama mikono yake, kisha akamgeukia.

"Ala! Shemeji, umezeeka!"

"Na wewe shati ulilovaa ni jeupe, siyo la manjano. Kalifue."

Daktari alisema asiendeshe masafa marefu mpaka jicho la pili nalo lishughulikiwe. Sista akachukua kifutio. Akafuta Dereva, Dereva, Dereva, akaandika jina lake mwenyewe, na pembeni akamfungulia shemeji yake safu mpya: Mwongoza njia. Kwa wiki mbili Dereva alimfundisha kwenye mlima wa nyuma ya mji. "Usishuke kwa breki, shuka kwa gia! Unaikanyaga klachi kama mende!" Hakuna daktari aliyewahi kumfokea Sista hivyo akabaki salama, lakini alinyamaza akajifunza. Aliona jinsi bega la shemeji yake lilivyorudi mahali pake.

Waliondoka alfajiri moja yenye ubaridi, na mayai ya kuchemsha kwenye kapu. Mpakani, ofisa alimuuliza Mwalimu anakwenda kufanya nini. Mwalimu, aliyekuwa ameandaa jibu la dakika tano, aliweza kusema neno moja tu: "Kutembea." Muhuri ukagongwa. Aliishika pasipoti wazi mkononi mpaka wino ukauke.

Kisha mlima ukaanza. Sista alipanda kwa gia ya pili, jasho likimtoka, na Dereva kando yake akihesabu kona kwa sauti ya chini: hii inabana kulia, hii ni ndefu, hapa usiogope. Kwenye kona ya kumi na tisa, penye ukuta mfupi wa mawe na nafasi ya kuegesha, akasema, "Simama hapo kidogo."

Fundi na Mwalimu walishuka haraka, wakaenda kwenye ukuta, wakawa wanaonyeshana chini kwa vidole. Dereva hakushuka. Alishika dashibodi mbele yake.

"Ajabu," alisema. "Miaka yote napita hapa macho kwenye lami, sijawahi kukumbuka. Ni hiki kiti kilichonikumbusha. Kaka alisafiri nami mara moja, likizo yake moja. Alikaa upande huu. Tulisimama hapa injini ipoe."

"Hukuwahi kuniambia."

"Ndiyo nakwambia. Alisema kuna muuguzi amemfukuza wodini kwa sababu alikuja kumwona mgonjwa saa zimepita. Amemfokea mbele ya watu. Nikamwambia, pole kaka. Akasema, 'Pole ya nini? Huyo mwanamke ningependa anifukuze kila siku.'"

Sista alitazama mbele. Kule kwenye ukuta Fundi alikuwa akimpungia mkono aje aone. Alizima injini, akajifuta uso kwa ncha ya kitambaa chake, akaegemea kiti.

"Aliongea sana siku hiyo?"

"Mpaka injini ikapoa, na ikapoa tena."

"Basi niambie yote," alisema. "Usiruke hata neno."