Picha ya Ukuta Mwekundu

Wakuu, sijawahi kukabwa shingo na mama mtu mzima, tena mchana kweupe. Kosa langu? Kupiga picha ukuta.

Kazi yangu ni kuchora mabango. Wenzangu wakisafiri wanapiga picha maghorofa, mimi napiga vibao.

Nilikuwa nchi jirani, wanaongea Kiswahili kama sisi, nimemtembelea dada yangu aliyeolewa huko. Vibao vyao raha tupu! "Usitupe taka hapa," chini yake jalala. "Mbwa mkali," na mbwa mwenyewe anakoroma.

Ila kuna jamaa wa kofia alikuwa ananifuata.

Nikisimama, anasimama. Nikigeuka, anainama kufunga kamba za viatu.

Jamaa kavaa ndala!

Nikajua huyu kibaka, anaitaka simu yangu. Nikachepuka kichochoroni, macho yakagonga ukuta wenye maandishi mekundu: NYUMBA HII HAIUZWI. Herufi zimepinda, zina hasira. Uchu ukanizidi, nikapiga.

Ndipo mwenye nyumba akanirukia.

"Nani kakutuma?"

"Mama, mimi mgeni tu, napenda maandishi..."

"Hata yule dalali alianza kwa upole hivi hivi!"

Wa kofia akatokea nyuma yangu. Nikasema leo nimekwisha.

"Dada, huyu anapiga picha mtaa mzima. Nimemfuata tangu kule barabarani."

Kumbe ni mdogo wake! Mama alifiwa na mume, na tangu hapo kuna dalali anainadi nyumba kwa watu bila ridhaa yake. Walishamfukuza, hathubutu kukanyaga pale.

Niliapa mpaka koo likakauka. Wakaniachia shingo upande.

Nilipomsimulia shemeji, alicheka hadi akajifuta machozi.

"Hebu nirushie hiyo picha, nikawachekeshe wenzangu."

Nikamrushia. Shemeji yangu huyo, ananipakulia nyama mwenyewe!

Kesho yake shemeji akiwa kazini, dada akaniita jikoni. Akaninyooshea simu yake.

"Mdogo wangu, hii si picha yako?"

Ilikuwa tangazo la mtandaoni. Ukuta ule ule, rangi ile ile, ila sasa umeandikwa: NYUMBA HII INAUZWA. Neno la mwisho limenyooka kama rula. Mimi mtu wa herufi, nikajua limechezewa.

"Na hii namba ya simu?" nikauliza.

Dada akaisoma namba tena. Halafu akasema, "Ya mume wangu."

Akazima jiko. Akavaa viatu.

"Nipeleke kwa huyo mama."

Mama alitufungulia mlango nusu. Dada akamwonyesha picha ya shemeji.

"Ndiye yule dalali!" mama akasema. "Unamjuaje?"

"Nimezaa naye," dada akajibu, machozi yanamtoka.

Siku ile ile dada mwenyewe ndiye aliyetangulia kituo cha polisi. Mimi nilibeba watoto.

Ndugu zangu, siku nzima nilimkwepa mtu aliyekuwa analinda nyumba ya dada yake, nikaja kumkabidhi picha mtu niliyekula naye sahani moja. Ukiombwa kitu, uliza cha nini. Hata kama anayeomba ni shemeji.

Hasa shemeji.