Anyieth na Farasi wa Kipchumba

Anyieth alikuwa bado mtoto wakati wapiganaji wenye farasi walipochoma kijiji chao Sudan Kusini, wakamkanyagisha baba yake kwa kwato hadi akakata roho. Sasa ana miaka arobaini, ana duka katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Kenya, na kila Jumamosi huenda Lodwar kujifunza kupanda farasi wa Kipchumba, askari mstaafu, ili woga wa farasi aliobaki nao tangu siku ile umtoke.

Katika mwezi wa sita wa mafunzo, pikipiki ililia kama bunduki. Farasi akasimama kwa miguu ya nyuma, akambwaga. Jino likang'oka, damu ikamjaa kinywani.

"Basi, mama! Rudi dukani," Kipchumba akasema.

Anyieth akatema damu, akapanda tena, akaanza wimbo ambao baba yake alimwimbia fahali wake.

"Huyo si ng'ombe!"

"Mwambie yeye."

Farasi alikuwa ametulia. Anyieth akaendelea kuimba, hakushuka.