Aliyeitika Kutoka Lurujo

Nilipokabidhiwa programu yetu pale chuoni Arua, ile inayochanganya kilimo, afya na masuala ya amani, nilipewa pia ofisi iliyokuwa stoo ya karatasi. Wanafunzi walikuwa wangu, lakini walimu nilikuwa naazima: huyu kutoka kilimo, yule kutoka uuguzi, na kila mmoja alikuwa na mkuu wa idara aliyeniangalia kama jirani aliyekuja tena kuomba chumvi.

Nikajua lazima wapo wengine wa aina yangu. Nikaomba namba kwa huyu na yule, nikafungua kundi la WhatsApp la wakuu wa programu zisizo na idara. Walikuja kutoka Gulu, Bunia, Kisangani, Mwanza, Eldoret. Wa karibu kuliko wote alikuwa wa Koboko. Namba yake niliitoa kwenye karatasi ya mahudhurio ya semina moja ya zamani, mahali pekee tulipowahi kukutana. Nilimkumbuka: mrefu, mcheshi wa chini chini, na alibeba udongo wa shamba ndani ya kijaluba mfukoni.

Kila Alhamisi saa nne asubuhi nilipiga simu ya kundi. Mtandao wetu haukuweza kubeba picha, kwa hiyo tulisikilizana sauti tu. Naita jina, mtu anaitika, naweka alama kwenye daftari, kisha tunaanza. Lugha ilikuwa Kiswahili, maana wa Kongo walikuwa na Kifaransa chao nasi Kiingereza chetu.

Wa Koboko alipoitwa alijibu neno moja tu: "Iko."

Mara mbili za kwanza sauti yake ilikuja kavu, kama ya mtu aliyefungiwa mahali pasipo na hewa. Kuanzia mara ya tatu nyuma yake kulisikika kuku, jembe likinolewa, na pumzi nzito ya mtu mwenye kikohozi. Hakuwahi kuchangia hata neno. Wala ujumbe niliomwandikia peke yake hakuusoma, ulifika, ukakaa.

"Huyu ndugu wa Koboko mnamjua?" akauliza siku moja mama mmoja wa Bunia. "Sisi tunazungumza, yeye anapumua."

Nikaona nimshirikishe. "Daktari," nikasema, "ninyi Koboko mnafanyaje na walimu wa kuazima?"

Jembe likaacha kunolewa.

"Iko, afande."

Tulicheka. Tukangoja naye acheke, lakini hakucheka, na vicheko vyetu vikaisha kimoja kimoja. Nilisikia ubaridi ukinipanda shingoni, na nje jua lilikuwa linawaka.

Siku iliyofuata nilipanda gari kwenda Koboko. Katika chuo alichofundisha nilikuta mlango wake umefungwa kwa kufuli, na buibui ametanda kati ya kufuli na fremu. Nikamwendea karani, mwanamke wa makamo, nikamtaja niliyemtafuta.

"Mama, hukuambiwa?" akasema. "Daktari alizikwa zamani. Pikipiki. Kwao ni Lurujo."

"Jana asubuhi aliniitikia kwenye simu."

Aliweka kalamu mezani taratibu, kana kwamba ingevunjika. Kisha akanieleza kwamba idara ya kilimo ilidhani idara ya elimu ndiyo iliyowapasha habari watu wake, na ya elimu ikadhani hivyo hivyo. Mtu wa katikati alikufa, na kila upande ukampa pole mwenzake.

Bodaboda ilinifikisha Lurujo kabla ya adhuhuri. Kaburi lilikuwa ubavuni mwa nyumba, udongo wake ukiwa bado umeinuka. Mbele yake alikaa mzee na kikohozi chake, jembe miguuni, simu juu ya goti. Nilipomwambia natoka kundi la Alhamisi alisimama wima, mikono ubavuni.

"Ni wewe unayeitika, Baba?"

"Ni mimi. Simu nalia, nabonyeza kijani, nasikia jina ya kijana yangu, nasema iko. Maneno ingine hapana elewa."

"Kwa nini unaitika?"

"Mimi ilikuwa jeshi. Asubuhi wanaita majina. Kama mutu hapana jibu, wanaandika ametoroka." Akaelekeza kidole kaburini. "Kijana yangu hapana toroka. Iko hapa."

Nikakaa kwenye mkeka. Baadaye nikamuuliza kama simu imekuwa kwake tangu msiba.

"Hapana. Ilikaa ndani ya sanduku ya bati, imezima, mpaka arobaini naisha. Hapo binti yangu alitoa, akaenda kuchaji."

Nikatoa daftari. Tukahesabu pamoja, yeye kwa vidole, mimi kwa kurasa. Arobaini iliisha baada ya mkutano wetu wa pili. Nikamwonyesha alama mbili za mwanzo, zilizowekwa kwa mkono wangu mbele ya jina la mwanawe.

Mzee aliziangalia sana. "Hiyo mbili si mimi," akasema. Wala hakushangaa.

Kisha akaniuliza, "Wewe ndiye mkubwa yao?"

"Mimi ni mratibu tu, Baba."

"Basi umruhusu. Askari hapana kwenda yeye mwenyewe. Mkubwa lazima aseme."

Alhamisi iliyofuata nilirudi Lurujo, nikapiga simu ya kundi nikiwa nimekaa kando ya kaburi lile. Niliwaeleza wenzangu yote. Mama wa Bunia alilia wazi wazi. Mzee alizima simu ya mwanawe na kuishika mbele yangu niione, kioo chake cheusi. Nikaita majina kama kawaida, na la mwisho nikaita la mwanawe.

Tukangoja. Majani ya muhogo hayakutikisika. Katika kimya kile niliogopa jambo moja tu, kwamba kingejibiwa.

Hakikujibiwa.

"Daktari," nikasema, "kazi yako imepokelewa. Umeruhusiwa."

Mzee alishusha pumzi, akakaa, akamwita binti yake alete chai. Zile alama mbili sijazifuta, na sijui zilikuwa za nani.

Tulipokuwa tunakunywa aliuliza swali ambalo nadhani alikuwa nalo kwa miaka. "Huyu kijana yangu, huko chuo alikuwa nafundisha nini hasa?"

Nikajaribu. Nikamwambia kuhusu shamba linalochoka, mtoto anayeugua kwa sababu shamba limechoka, na ndugu wanaopigania mpaka wa shamba kwa sababu kila mmoja ana mtoto mgonjwa. Kwamba mwanawe alikataa kuyatenganisha mambo hayo.

Alinisikiliza mpaka mwisho, akikuna ndevu.

"Lakini hiyo," akasema, "hapa kila mutu najua."

"Chuoni hawajui, Baba."

Akatikisa kichwa kwa huruma, akaniongezea chai.