Mtoto Aliyetoka Mwaka Mwingine

Sinema ile tuliwekewa kwenye flashi na kijana wa duka moja pale mtaani kwetu, Dunda, tukaiangalia nyumbani Jumapili mchana, mimi na binti yangu. Yeye alikuwa na miaka kumi. Mimi nilikuwa na miezi minne tangu nirudi kutoka Muscat, nilikokuwa nikifanya kazi za ndani. Nilimwacha ana miaka minne, kwa mama yangu, kijijini Kiwangwa.

Katika sinema hiyo, msichana wa shule anajificha mvua ndani ya mtambo alioutengeneza babu yake. Anatoka baada ya dakika tano, kumbe nje imepita miaka ishirini. Anakimbilia kwao na sare yake, mlango unafunguliwa na mwanamke mwenye mvi. Ni mama yake.

Hapo nikainuka kuangalia maharage. Nikarudi, nikakaa, nikainuka tena kufunga dirisha, nikakuta limefungwa.

"Mama, mbona hutulii?"

"Naangalia jiko."

"Jiko si umeshazima?"

Nilikuwa nawaza gauni la manjano nililomletea kutoka Muscat. Nilijua fika ana miaka kumi, lakini dukani mkono ulichagua la mtoto wa miaka minne. Siku niliporudi akalijaribu, halikupita mabegani. Mama yangu alicheka. Mtoto hakucheka, alilikunja vizuri, akanirudishia kwa mikono miwili. "Ahsante, shangazi," akasema, kisha akajirekebisha.

Sasa akaisimamisha sinema.

"Kule ulikuwa unajua kwamba nakua?"

"Nilijua. Lakini kila nikikuwaza, ulikuwa mdogo vilevile."

"Mimi nilikuwa nausahau uso wako. Nikikuona kwenye simu nakumbuka, halafu nasahau tena."

Hakuwa na hasira. Angekasirika, ningejua la kufanya.

"Basi nisimulie," nikamwambia. "Darasa la kwanza ilikuwaje?"

Akafikiri, kisha akanionyesha kovu refu kwenye muundi. "Nilianguka shambani, kwenye mananasi."

"Mbona sikuambiwa?"

"Bibi alisema utalia, na huko hakuna wa kukubembeleza."

Nikalipapasa lile kovu. Lilikuwa limeshakuwa laini. Akaniacha nilishike kwa muda, kisha akavuta mguu, akasema mengine nikamwulize bibi.

Jumamosi tukaenda Kiwangwa. Nilimwamkia mama, na hata maji sikunywa, nikaanza kuuliza mwaka baada ya mwaka. Mama alisimulia huku akimenya mihogo, binti yangu akimsahihisha: jino la kwanza kung'oka, surua, siku aliyoimba mbele ya shule nzima. Tulipofika darasa la pili wakatazamana.

"Ule ulikuwa mwaka wa kawaida tu," mama akasema. "Alikula, akalala, akaenda shule."

"Alikula nini?" nikauliza.

Wote wawili wakacheka. Mimi nilikuwa nauliza kweli.