Mikono Miwili ya Kushoto

Binti yangu alipofika miaka kumi na nne aliacha kuvaa nguo za Idi ninazomshonea. Hakugomba. Alisema tu kwamba safari hii atapendelea ya dukani, na safari iliyofuata vilevile. Nilihesabu: Idi mbili nimezikosa. Nikahesabu tena, zikawa mbili zilezile.

Mwaka huu, Ramadhani ilipoanza, akanionyesha picha kwenye simu. Jaketi fupi la kike, halina kola, lina mifuko minne, kitambaa kizito cha sufu ya rangi zilizochanganyika, kingo zimeachwa na nyuzi zake zikining'inia. Kitambaa chenyewe, akanifundisha, kinaitwa twidi. Kilwa Masoko hakuna duka linalouza kitu kama hicho. Hapa hata mwenye homa anajifunika kanga.

"Basi nitakushonea," nikasema.

"Mama, hii wanashona mafundi."

"Na mimi ni nani?"

Akarudisha macho kwenye simu kwa adabu, jambo lililoniuma kuliko kama angenijibu. Tukapatana: nitashona, na asipolipenda atavaa gauni la dukani, nami sitamuuliza tena habari ya nguo za Idi maisha yangu yote. Yeye alikubali haraka mno.

Twidi niliipata sokoni, chini ya muuza mitumba. Alikuwa amelikalia koti refu la kiume ambalo hakuna mtu wa pwani hii aliyewahi kuliulizia. Nikamuuliza bei. Akataja ya koti. Nikamwambia nimeulizia kiti, si koti. Tukaanza upya. Mwisho akasema, "Sasa mama, mimi nitakalia nini?" Nikarudi nyumbani nikamletea mto wa zamani wa kochi, na biashara ikaisha kila mmoja akidhani amemwonea mwenzake.

Nililifumua, nikalifua, nikalipiga pasi. Nje lilikuwa limepauka, ndani rangi bado mbichi, kwa hiyo nikaamua ndani ndiyo iwe nje. Kitambaa kilitosha kwa kubanabana tu. Kukikunja nikate vipande viwili kwa mpigo haikuwezekana, ikabidi nikate kimoja kimoja, huku nimefunga na tumbo linanguruma kama cherehani bovu. Kila kipande nilikihesabu mara mbili. Mifuko, minne. Mikono, miwili. Kwenye pindo la chini nilipanga kuficha vipande vya risasi ili jaketi litulie mwilini, nikachukua chubwi sita ndogo za kuzamishia ndoano kwenye mshipi wa kuvulia wa baba yake. Alizitafuta wiki nzima akiwalaumu panya.

Siku ya ishirini na tisa ya mfungo nikashikiza kila kitu kwa bandi, mishono mirefu ya muda, nikamwita ajaribu. Mkono wa kushoto ulikaa vizuri kabisa. Wa kulia ulipinda kwenda nyuma, kama unamwita mtu aliyechelewa.

"Mama," akasema polepole, "hii yote ya kushoto."

Nikaitazama. "Mikono ni miwili," nikasema, kwa sababu ndilo jambo nililokuwa na uhakika nalo.

"Ni miwili. Ya kushoto."

Nilikuwa nimeweka karatasi ya kipimo mara mbili bila kuigeuza. Kosa la mwanafunzi wa siku ya kwanza. Kuupindua mkono mmoja nje ndani kungeuponya umbo, lakini ungetoka na ile rangi iliyopauka. Mama mkwe wangu, aliyekuwa barazani akisuka mkeka, akanyanyua macho mara moja tu. "Mke mwenzangu," akamwambia mjukuu wake, "pilau la Idi utalila kwa mkono gani?"

Msichana akacheka, kisha akaacha. La dukani lilikuwa tayari kabatini kwake. Nililiona.

Nikakusanya mabaki ya koti: kola, vifuniko vya mifuko, ukanda wa mgongoni. Ukiviunga, mkono wa kulia unapatikana, ila una mishono mitatu ya kuunga, myeupe kama makovu. Mama mkwe akauchukua, akautazama, akaomba vipande visivyofaa. Akavifumua uzi mmoja mmoja, akaanza kuzisuka zile sufu kama anavyosuka ukili, ule utepe wa kuunganisha mkeka, isipokuwa huu ulikuwa mwembamba kuliko kidole. Tuliposhona ukili ule juu ya mshono wa kwanza, kovu likatoweka. Sasa ulihitajika mrefu zaidi: mishono mitatu, mkono wa pili ufanane na wa kwanza, na mifuko isione wivu.

Kazi hiyo haikuweza kwisha siku ileile. Jioni mtaa mzima ulisimama nje kutazama magharibi. Nilisimama nao, na Mungu anisamehe, nilikuwa mwanamke pekee aliyeomba mwezi usionekane. Haukuonekana. Tukatimiza thelathini, na sijawahi kufunga siku kwa furaha namna ile. Mama mkwe alisuka, binti yangu akamshikia nyuzi, mimi nikashona.

Asubuhi ya Idi alitoka chumbani amelivaa. Hakusema amelipenda. Baada ya swala jua likapanda, jasho likamtiririka mpaka kidevuni, nikamwambia alivue apumue. Akasema hasikii joto.

Mchana, kwenye uwanja wa sikukuu, mama mmoja jirani alimsimamisha. Akapokea shikamoo yake, akalishika pindo, akashangaa uzito, akaniuliza kama ninaweza kumshonea bintiye la vile vile. Alikuwa amevaa dhahabu. Nikafungua mdomo.

"Haliwezekani jingine, mama," binti yangu akadakia, akainua mkono wa kulia ili ukili uonekane vizuri. "Mpaka mama yangu akosee tena hivi hivi."

Nikaimeza bei yangu. Ilikuwa bei nzuri, nilikuwa nimeshaihesabu mara mbili.